Goti la Mtu wa Viti

Siku hizo kila goti la bandia liliundwa kwa kufuata fomu, na likishawekwa halibadilishwi tena. Fomu ya Bi Mwanahija ilijazwa na mumewe, Mzee Hatibu, aliyesoma shule ya jioni na kujivunia mwandiko wake. Penye swali, "Mgonjwa huketi chini?" aliandika, "Hapana, kwetu tuna viti." Aliona haya wasije wakamdhania mshamba.

Sasa goti la mkewe lilikunjika kiasi cha kukalia kiti, basi, kwa maana liliundwa liishie hapo. Mbuzi ya kukunia nazi ilitundikwa ukutani. Msibani Bi Mwanahija aliwekewa kiti peke yake, wenzake wote wakiwa mkekani.

"Baba Zuhura, goti hili vivu kama wewe," alisema asubuhi moja, akilivuta kwa mikono miwili. "Nadhani mazoezi sikuyafanya sawasawa. Kosa langu. Nihesabie, leo tufike mia."

Nakala ya fomu ilikuwa kabatini, chini ya cheti cha mumewe cha shule ya jioni.

"Haya, Mama Zuhura," alisema Mzee Hatibu. "Moja. Mbili. Tatu."