Chaza Hafungui

Annonciata alisikia kufuli likifungwa kwa nje, ndipo akashusha pumzi. Jirani yake Goretti aliufunga mlango hivyo kila asubuhi, ili mpita njia aone kufuli na kusema hakuna mtu nyumbani. Ndani, kwenye giza la nyumba ya udongo, watoto wawili walikuwa wameketi mkekani wakisubiri somo.

"Leo tunasoma nani, mama?" Orpa alinong'ona.

"Wanyama ya bahari tena. Lakini usiseme kwa nguvu."

Akaikunjua chati kubwa ya plastiki. Aliinunua Mbarara, siku ile alipoitwa ofisi ya wakimbizi akaambiwa kwamba mtu mmoja wa kwao amewafuatilia watoto mpaka Uganda, na anawataka. Tangu siku hiyo Bienfait na Orpa hawakwenda tena shule, hawakuteka maji, hawakucheza na wenzao kwenye vumbi la kambi ya Kashojwa. Walisomea humuhumu, chini ya mabati yanayochoma.

Na si kazi rahisi, jamani, kumfundisha bahari mtoto ambaye maji makubwa anayoyajua ni ziwa la Nakivale na viboko wake.

"Nyangumi anapita kiboko?"

"Anamupita mbali sana. Sasa huyu hapa, nani?"

"Chaza," watoto wakajibu.

"Chaza anafanyaka nini akisikia kitu mubaya?"

"Anafunga nyumba yake."

"Na mukimugongea?"

"Hafungui!"

"Vizuri. Mutu akigonga hapa, siye wote ni chaza."

Mnyama ambaye Annonciata mwenyewe alimpenda ni pweza. Aliwaeleza kwamba mama pweza hukaa shimoni na mayai yake, hatoki, hali, mpaka anajifia palepale. Machozi yalimlengalenga akisema hivyo. Tumbo lake lilikuwa tupu. Maharagwe yalilala mabichi kwenye sufuria, maana moshi ungewatoa kwenye maficho.

"Na ule?" Bienfait alinyoosha kidole.

"Kasa. Anatagaka mayai ku muchanga, halafu anajiendea mu maji. Harudi tena."

"Na batoto yake?"

"Banabaki peke yabo."

Orpa akakunja uso. "Haiko mama muzuri."

"Haiko," Annonciata alisema upesi.

Bienfait aliikwaruza picha kwa ukucha. "Pengine maji ilimubeba."

Annonciata akaukunja upande ule wa chati. Mtoto huyu alikuwa na maswali! Na hakunyamaza.

"Mama, kule kwetu zamani, ulikuwa unauzaka ndakala? Vile visamaki vikavu? Ninakumbuka kitunga, na harufu yake."

"Miye nilikuwa ninalima mihogo. Uliota. Soma."

Kabla hawajaendelea, Goretti alirudi akabandika mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Ule mutu ameonekana ku Kabingo, sasa anakuya huku. Eko na afande, na foto ya batoto. Anaonyesha kila mutu. Na batu banaanza kumusikiliza, wee!"

"Na lori ya maziwa itatubeba lini?"

"Kesho asubuhi. Ukifika Bwizibwera, hakuna mwenye atakuona. Vumilia leo tu, dada."

Leo tu. Annonciata aliketi karibu na watoto. Achukuliwe watoto? Hawa aliowabeba mgongoni kutoka kwao Fizi, mmoja akiharisha, mwingine akilia usiku na mchana? Akakinyima kinywa chake akawapa wao? Afadhali afie humu ndani. Hasira ilimpanda, na nyuma ya hasira woga, na hakuwa na pa kwenda. Kuta zilikuwa karibu kiasi kwamba akinyoosha mikono anazigusa.

Jua lilipokuwa utosini, mlango ukagongwa.

"Mama! Wewe iko ndani?" Ilikuwa sauti nene yenye lafudhi ya Kiganda. "Mimi Afande Naboth. Hapana ogopa. Hakuna mtu atapiga wewe."

Annonciata aliwatazama watoto, akatamka bila sauti: chaza. Orpa akaziba mdomo kwa viganja. Bienfait akafumba macho. Annonciata aliwavuta wote wawili kifuani, akahisi mioyo yao inavyodunda, na wake unadunda kuliko yao.

Naboth akalitikisa kufuli.

"Lakini kufuli iko nje," alisema. "Hii nyumba hakuna mtu. Twende, tutauliza kule mbele."

Viatu vizito vikatembea, vikaishilia. Asante Yesu, Annonciata alisema moyoni. Aliwabusu watoto vichwani, kila mmoja kwa zamu. Kesho wangekuwa Bwizibwera, na huko angewapikia maharagwe mchana kweupe, mlango wazi.

Kumbe si wote walioondoka. Chini ya mlango palikuwa na kivuli ambacho hakikusogea. Hakikugonga, hakikuita afande. Kulisikika mfuko ukichakurwa, kisha vidole vyembamba vikapenya kwenye ufa, vimeshika ndakala mmoja mkavu.

"Bienfait," sauti ya mwanamke ikaita, ikitetemeka. "Ungali unaiba samaki mu kitunga yangu?"

Mtoto akafumbua macho.

"Mama!" akalia kwa nguvu zake zote, na hakuwa akimtazama Annonciata.