Alama za Vidole Ukutani

Mgeni mmoja, mama wa makamo, aligusa tofali la ukuta akashangaa. Lilikuwa na vishimo vitatu vya vidole, vidogo hata kidole chake cha mwisho hakikuenea.

"Dada, nani kaacha alama hizi?" alimuuliza Vernelle.

Vernelle alikuwa ametembeza wageni mjini Charleston, kusini mwa Marekani, miaka kumi na tisa, na swali hilo alilizoea. Lakini wiki ile bosi mpya alikuwa amewapa karatasi yenye maneno ya kusema, na leo alisimama nyuma ya wageni, akisikiliza.

"Ni wafanyakazi waliojenga nyumba hii," Vernelle alijibu, kama karatasi ilivyotaka.

"Jamani! Yaani waliipenda kazi mpaka wakatia sahihi!" mama yule alisema, na wenzake wakacheka.

Bibi wa bibi yake Vernelle alikulia kwenye tanuri la matofali kama hayo.

"Hakuna aliyeipenda," alisema. "Huyu alikuwa mtoto wa miaka sita, saba hivi. Mtumwa. Alibeba matofali mabichi tangu alfajiri, na akichoka alichapwa."

Mama yule aliondoa kidole upesi, akakifuta kwenye sketi yake.

"Vernelle," bosi aliita kwa upole. "Njoo pembeni tuongee kidogo."

Vernelle hakusogea.

"Ongea hapahapa, bosi," alisema. "Wageni wamelipa ili wasikie."