Fikra za Mzee Simba

Zamani, wanyama walipokuwa wakiamuliana kesi wenyewe, hakimu wao Simba alipata chawa. Aliona haya, maana chawa ni wa watoto, naye alikuwa na wajukuu. Tena Fisi alikimezea mate kiti chake siku nyingi.

"Mzee, mbona wajikuna hivyo?" Fisi akamuuliza mbele ya baraza.

"Ninawaza," Simba akajibu. "Fikra nzito huwasha."

Basi hakuna aliyetaka kuonekana mjinga. Kila mmoja akaja kuegemeza kichwa chake kwenye manyoya ya Simba apate fikra, Fisi akiwa wa kwanza. Siku ya tatu baraza zima likawa linajikuna, isipokuwa Tumbusi, ndege mwenye upara.

"Kipara wewe, huna hata wazo moja," Fisi akamtania huku akijikuna.

"Sina, ndugu yangu," Tumbusi akasema, akimalizia paja la mwisho la nyati ambaye baraza zima lilikuwa likimgombea kabla ya kuanza kujikuna.

Simba akaitazama mifupa, akajikuna kwa makucha yote kumi, kisha akamwinamia Tumbusi sikioni.

"Kiti na akichukue Fisi," akanong'ona. "Wewe niambie tu, nani anayekunyoa?"