Maji ya Bure

Kila asubuhi bomba la jikoni kwa Sikudhani lilitangaza bei ya maji ya kesho, baada ya kubashiri kiwanda cha nguo kitakunywa kiasi gani. Kiwanda kikiwa na kiu, bei ilipanda na mtaa mzima uliahirisha kufua.

Leo bomba lilisema, "Kesho maji bure. Kesho kutwa bure. Mwezi ujao bure."

Majirani walipiga vigelegele, wakatoa mapazia na mablanketi. Sikudhani naye alishika beseni, kisha akasita. Kwani kiwanda hakitasikia kiu?

"Baba Chausiku," alimuuliza mumewe, fundi wa kutia rangi vitenge pale kiwandani, "kazini wamewaambia lolote?"

"Hapana. Kwa nini?"

Sikudhani aliigeuzageuza ovaroli ya mumewe, yenye madoa ya buluu.

"Basi tu. Nilitaka kujua kama hii niifue."