Farasi Aliyetulia

Zuwena aliogopa hata mbuzi, kwa hiyo mama yake, Bi Mgeni, alimtafutia farasi wake wa kwanza, aliyetulia kuliko wote. Akatanguliza salamu kwa muuzaji, kama watu wenye adabu: tutakuja kesho asubuhi. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Walimkuta farasi ameinamisha kichwa, mgongo umelowa chapachapa.

"Mbona kalowa?"

"Nimemwogesha, mama. Si mlisema mnakuja?" Muuzaji akagonga debe karibu na sikio la farasi, naye hakupepesa hata ukope. "Huyu ni godoro, siyo farasi!"

"Mama, naogopa," Zuwena alinong'ona.

"Usinitie aibu. Panda!"

Akapanda, akazunguka uwanja, mwisho akacheka. Wakamnunua.

Siku ya tatu, farasi akiwa ameshiba na kulala vizuri, Bi Mgeni mwenyewe alimpandisha bintiye, uani kwao. Jirani akachungulia.

"Kumbe ndiye huyu! Siku ile mliyokwenda, niliwaona watu wa muuzaji wakimkimbiza bondeni tangu alfajiri, mpaka akatoka povu."

Bi Mgeni akageuka. Farasi alikuwa ameinua kichwa, masikio ameyalaza nyuma, na lango lilikuwa wazi.