Ngege wa Zamani

Pamela alizama majini hadi kifuani, akayatenga mafunjo kwa mikono miwili. Nyuma yake Bwana Mochama, mtaalamu wa mazingira, alifuata, begi la vipimo likiwa juu ya kichwa.

Ilikuwa siku ya tatu ya tathmini, na ya mwisho. Kampuni fulani ilitaka kujenga hoteli kwenye kisiwa chao kidogo, ng'ambo ya kisiwa kikubwa cha Mfangano, na kaya arobaini zingeondolewa. Mochama alikuwa amewaeleza wakazi wazi kwamba kitu kimoja tu kingezuia ujenzi huo: kiumbe ambaye hapatikani tena kwingineko. Kwa siku mbili alikuwa ameona kunguru na samaki wa kila mahali tu, mbuta na omena.

Asubuhi hiyo Pamela alikuwa amepiga magoti kaburini kwa mumewe, Gordon, akamwomba radhi. Gordon alimwonyesha mahali hapa yeye peke yake, akamwapisha asimwambie mtu. Wavuvi wangepajua, wangepamaliza kwa wiki moja.

Sasa hakuwa amebakiwa na jingine la kumpa mgeni.

"Tazama pale kwenye mizizi," alisema.

Walikuwa ngege wa zamani, samaki ambao wazee waliwavua kabla ya mbuta kuletwa ziwani na kuwamaliza. Walikuwa wengi ajabu. Mmoja alifungua kinywa, na vifaranga wake wakakimbilia humo kujificha. Mochama alisahau hata kupiga picha. Alisema amewatafuta samaki hao miaka tisa.

"Mama, imekuwaje hapa wakabaki?"

"Kwa sababu watu hawafiki."

Mochama akaliandika jibu hilo neno kwa neno.

Miezi miwili ilipita bila habari. Pamela alikonda kwa wasiwasi. Barua ilipofika, kisiwa kizima kilikusanyika kanisani, na bintiye Lynnet, mwalimu wa chekechea, akasimama kuisoma. Kamati ya mazingira ilikuwa imepokea ushahidi kuhusu ngege. Ujenzi wa hoteli ulikuwa umefutwa kabisa.

Vigelegele vilipasua kanisa. Wanawake walimbeba Pamela juujuu, naye akalia kama mtoto, akiliita jina la Gordon.

Lynnet alifunua ukurasa wa pili, akasoma: "Kuanzia leo kisiwa chote ni hifadhi ya samaki hao. Wakazi wote wawe wamehama kabla ya siku tisini kwisha."