Sauti ya Nakiete

Tangu redio ya wakulima, ile inayoona na kuongea na mtu, ipewe sauti ya Nakiete, muuza dawa za mimea, hakuna tena anayemletea dukani jani la tangawizi lililougua. Kila mtu huliweka jani lake mbele ya redio, ikamshauri na kumwagizia dawa.

Siku moja Nakiete alikutana njiani na Mzee Elinihaki, mteja wake wa zamani.

"Shikamoo, baba. Mgongo unaendeleaje?"

"Marahaba. Mbona umeshaniuliza asubuhi kwenye redio, mwanangu? Tena tumecheka weee!"

Nakiete alirudi dukani. Nyuma ya duka alichuma jani bichi la tangawizi, lisilo na doa hata moja, kisha akaingia ndani na kuwasha redio.

"Hodi," ikasema kwa sauti ya Nakiete mwenyewe. "Leo kuna tatizo gani?"

"Karibu," akajibu kama alivyozoea kuwajibu wateja, akilisogeza jani. "Hili hapa linaumwa."